Nikifuta kauli tano alfa inafika 0.72. Je, nifute?

"Daktari, mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kisumu na pia ninasomea shahada ya uzamili. Ninachunguza usomaji wa wanafunzi wa Gredi ya 8. Nina zana tatu: mtihani wa ufahamu wenye vifungu 8, kila kifungu na maswali 5 ya kuchagua jibu, insha moja iliyosahihishwa na walimu wawili, na hojaji ya kauli 12, kila moja ikijibiwa kwa pointi 1 hadi 5, kuhusu mtazamo wa mwanafunzi juu ya kusoma. Nilifanya jaribio la awali kwa wanafunzi 36. Kwenye mtihani, wastani ni 24 kati ya 40 na mkengeuko sanifu, yaani mtawanyiko wa alama, ni 6. Nilipogawa maswali ya witiri na ya shufwa nilipata uwiano wa 0.62 kati ya nusu hizo mbili. Nikaurudia mtihani uleule baada ya siku 4, nikapata 0.91. Walimu wa insha wanawiana kwa 0.94. Hojaji imenipa alfa ya 0.41. Msimamizi wangu anataka uthabiti wa 0.7 kila mahali. Kijana anayenisaidia na SPSS, programu ya takwimu, anasema nikifuta kauli tano alfa itafika 0.72, nne kati ya hizo ni zile za aina ya 'Kusoma hadithi kunanichosha'. Tena mwalimu mkuu anataka kutumia alama za mtihani kuwachagua watoto wa kikundi cha kusaidiwa kusoma: kila aliyepata chini ya 20. Nishike namba ipi? Nimechanganyikiwa na muda unayoyoma."

Usifute kauli hata moja kwa sasa, Mwalimu. Chukua kwanza karatasi za hojaji uangalie jambo moja. Mwanafunzi aliyejibu "nakubali kabisa" kwenye "Kusoma hadithi kunanichosha" uliandika pointi ngapi? Kama uliandika 5, sawa na yule aliyekubali kabisa kwamba anapenda vitabu vya hadithi, basi tatizo lako tumeshalipata, na halihusu ubora wa kauli zako.

Nakisia hivyo kwa sababu ya maneno yako mwenyewe: kauli nne kati ya tano zinazoonekana mbovu ni zile zilizoandikwa kwa upande wa kukataa. Alfa huuliza swali dogo tu: je, kauli hizi zinapanda na kushuka pamoja? Mtoto anayependa kusoma atapata pointi nyingi kwenye kauli nane na pointi chache kwenye nne. Kompyuta haijui Kiswahili. Inaona nne zinavuta kamba upande wa pili, inazihesabu kuwa vurugu, na alfa inaporomoka. Dawa ni kutoa kila jibu la kauli hizo kutoka 6: aliyejibu 5 apate 1, aliyejibu 4 apate 2, aliyejibu 3 abaki na 3. Kisha hesabu upya. Hojaji nyingi nzuri nimeziona zikikatwakatwa kwa kosa hili moja, na wenyewe wakaamini kwamba watoto ndio hawakuelewa.

Huenda baada ya kugeuza bado kauli mbili tatu zikawa zinayumba. Hapo acha kompyuta, uketi na watoto watano au sita. Wasomee kila kauli, kisha waombe waieleze kwa maneno yao, hata kama ni kwa Dholuo au Sheng. Kauli kama "Si kweli kwamba sipendi kusoma" humchanganya hata mtu mzima, sembuse mtoto wa miaka kumi na mitatu anayesoma haraka ili atoke kwenda mapumziko. Ukigundua kwamba kauli fulani inasomwa vingine, iandike upya au iondoe, na kwenye tasnifu useme kwa nini. Hiyo ni sababu inayotoka kwenye lugha na kwa watoto, na kila mtu anaweza kuikagua.

Kufuta mpaka namba ipande ni jambo lingine kabisa. Unachagua kauli zilizowaangukia vizuri wanafunzi hawa 36, pamoja na bahati zao za siku ile. Ukipeleka kauli saba zilizobaki kwenye shule nyingine, ile 0.72 huenda isionekane tena. Baya zaidi, utakuwa umeondoa kila kauli inayozungumzia kuchoka na kukwepa vitabu, ubaki na zile za kupenda tu, halafu uendelee kuiita hojaji ya mtazamo. Nusu ya mtazamo itakuwa imetoweka.

Na hiyo 0.7 yenyewe imetoka wapi? Mara nyingi hutajwa kwa jina la Jum Nunnally, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1978 aliandika kwamba kiwango hicho kinatosha katika hatua za mwanzo za utafiti. Sehemu inayosahaulika ni kwamba kwa maamuzi yanayomgusa mtu mmoja mmoja alitaka angalau 0.90, na akaona hata 0.95 ndiyo ifaayo. Hakuweka 0.7 kama lango ambalo kila zana hupita au kufungiwa nje. Mweleze msimamizi wako hivyo kwa heshima. Wasimamizi wengi hupokea vizuri wakiona mwanafunzi amefikiri.

Sasa tuingie kwenye kiini, maana bila hapo namba zako nne zitaendelea kugombana.

Ukienda soko la Kibuye Jumapili kununua mahindi, unapimiwa kwa gorogoro, lile kopo la bati. Muuzaji yuleyule anaweza kukujazia kwa kilima asubuhi, na jioni akakupimia kwa kusawazisha juu. Muuzaji wa pili naye ana mkono wake. Kuna pia gorogoro zilizogongwa kitako kikaingia ndani: kila ukipimiwa unapunjwa kiasi kilekile, asubuhi na jioni. Gorogoro hiyo ya mwisho ni thabiti kabisa, ila haipimi unachodhani unanunua. Uthabiti, ambao wengine huuita utegemevu, unahusu mtikisiko wa kipimo. Kama kinapima kitu sahihi, hilo ni swali la uhalali, na hakuna alfa inayolijibu.

Mwanasaikolojia Charles Spearman aliliweka wazo hili kwenye hesabu mwaka 1904: alama tunayoiona ni alama ya kweli ya mtu pamoja na kosa. Uthabiti ni sehemu ya tofauti kati ya wanafunzi inayotokana na tofauti zao za kweli. Ukipata 0.77, asilimia 77 ya tofauti zile ni za kweli na 23 ni mtikisiko. Usiipige mraba kama tunavyofanya na uwiano wa kawaida. Imeshakuwa sehemu ya jumla.

Lakini mtikisiko upi? Hapa ndipo watu hupotea. Kurudia mtihani kunapima mtikisiko wa siku na siku. Kugawa nusu na alfa kunapima mtikisiko wa maswali yaliyochaguliwa. Wasahihishaji wawili wanapima mtikisiko wa mkono. Namba zako hazipingani, kwa sababu kila moja imejibu swali lake. Wala usiseme "mtihani wangu una uthabiti wa 0.77" kana kwamba ni rangi ya jalada lake. Uthabiti ni wa alama za kundi hili, katika hali hii. Wape mtihani huohuo wanafunzi wa shule inayochagua waliofaulu peke yao na namba itashuka, kwa kuwa wamefanana mno. Changanya Gredi ya 5 na ya 9 nayo itapaa, na mtihani haujabadilika hata nukta.

Tuanze na 0.62 yako. Huo ni uwiano wa nusu mbili zenye maswali 20 kila moja, nawe unataka kujua kuhusu mtihani wa maswali 40. Mtihani mfupi hutikisika zaidi, kama vile kuonja ugali kwa tonge moja. Mwaka 1910 Spearman na William Brown walichapisha, kila mtu na makala yake, kanuni ya kurekebisha jambo hili: zidisha uwiano mara mbili, kisha gawa kwa 1 jumlisha uwiano. Yaani 1.24 gawa kwa 1.62, ambayo ni 0.77. Kwa hiyo hukushindwa kufika 0.7, ulisimama njiani kabla hesabu haijaisha.

Unaweza kuihakikisha hata kwa simu, bila SPSS. Maswali 40 yanaweza kugawanywa nusu mbili sawa kwa njia zaidi ya bilioni 68, na kila mgao unatoa namba yake. Mwaka 1937 G. Frederic Kuder na Marion Richardson walipata njia ya kuepuka bahati hiyo kwa maswali yanayosahihishwa kwa vema au kosa. Kanuni zao mbili zinaitwa KR-20 na KR-21 kwa kufuata namba za milinganyo katika makala yao. Alfa, ambayo Lee Cronbach aliieneza mwaka 1951, ni KR-20 iliyopanuliwa ili ikubali pia majibu ya 1 hadi 5. KR-21 inahitaji wastani na mkengeuko tu. Wastani wako ni 24, maswali yaliyokosewa kwa wastani ni 16: 24 mara 16 ni 384. Maswali 40 mara mraba wa 6 ni 1440. Gawa 384 kwa 1440 upate 0.267, itoe kwenye 1 ibaki 0.733, zidisha kwa 40 gawa kwa 39. Inakuja 0.75. Kanuni hii inachukulia kwamba maswali yote yana ugumu sawa, ndiyo maana kwa kawaida huwa chini kidogo ya KR-20. Imekaribiana vizuri na 0.77.

Ila nina wasiwasi na namba zote mbili, nao unatokana na vifungu vyako. Maswali matano ya kifungu kimoja ni ndugu wa tumbo moja. Kama kifungu cha tatu kinahusu uvuvi, mtoto aliyekulia Dunga, kando ya ziwa, atayapata matano yote kwa kuwa anaijua habari yenyewe, na mwenzake aliyehamia kutoka Kericho ataanza kukisia. Hiyo ni bahati ya mada. Ukigawa kwa witiri na shufwa, ndugu hao wanaingia nusu zote mbili, na bahati ya mada inahesabiwa kuwa uthabiti. Gawa upya kwa vifungu: vinne huku, vinne kule, ukisawazisha vigumu na vyepesi, kisha urekebishe kwa kanuni ya Spearman na Brown. Au chukua alama ya kila kifungu, 0 hadi 5, kama swali moja, na uhesabu alfa ya alama hizo nane. Huenda ikashuka. Usishtuke, itakuwa imesema kweli zaidi. Angalia pia kama kuna watoto ambao hawakumaliza. Maswali ya mwisho yaliyoachwa wazi huzipandisha namba hizi kwa uongo.

Juu ya hayo, 36 ni wachache. Kwa idadi hiyo, 0.77 yako inaweza kuwa kiasi chochote kati ya takribani 0.54 na 0.88 katika kundi kubwa. Andika masafa hayo kwenye tasnifu. Yatakulinda mbele ya watahini kuliko namba moja iliyosimama peke yake. Ukiweza kufika wanafunzi 100 hivi katika shule mbili tatu, fanya hivyo.

Na 0.91 ya kurudia? Siku 4 ni chache mno. Watoto wanakumbuka walichojibu, na wengine walijadiliana njiani kwenda nyumbani. Kila mmoja akirudia majibu yake yaleyale, ya haki na ya makosa, uwiano unapanda juu ya mgongo wa kumbukumbu. Wiki mbili hadi nne ni afadhali kwa mtihani kama wako, ingawa zikizidi utakuwa unapima pia walichojifunza katikati. Tazama pia wastani wa mara ya pili. Uwiano haujali kama darasa zima limepanda alama tano. Unajali tu kila mtoto amesimama wapi akilinganishwa na wenzake. Kuandika fomu mbili sambamba, yaani mitihani miwili tofauti inayopima kitu kilekile kwa ugumu sawa, kungeondoa tatizo la kumbukumbu, lakini ni kazi ya miezi na sioni kama muda wako unaruhusu.

Upofu huohuo wa uwiano ndio unaonitia shaka kwenye insha. Tuseme mwalimu wa kwanza ametoa 12, 14, 9, 16 na 11, na wa pili, kwa insha zilezile, 7, 9, 4, 11 na 6. Uwiano wao ni 1 kamili. Hakuna mzazi atakayekubali kwamba walimu hao wamekubaliana, maana mmoja anampunja kila mtoto alama tano. Linganisha wastani wa walimu wako wawili leo hii. Kisha hesabu ICC, kipimo cha jinsi alama za wasahihishaji zinavyopatana, na katika SPSS uchague aina inayodai makubaliano kamili, usichague ile ya ulinganifu wa mfuatano. Kama mwishowe utawagawa watoto kwa makundi ya kufaulu na kutofaulu, tumia kapa ya Jacob Cohen ya mwaka 1960, inayoondoa makubaliano ya bahati. Walimu wawili wakikubaliana kwa insha 38 kati ya 50 inaonekana vizuri. Lakini ikiwa kila mmoja anafaulisha 40, bahati peke yake ingewakutanisha kwenye 34, na kapa inakuwa 0.25 tu.

Hata walimu wako wakipatana kwa kila nukta, insha ni moja. Mtoto aliyeandika vizuri kuhusu mazishi ya babu yake huenda akakwama kwenye barua ya kuomba kazi. Mtikisiko huo wa mada haupimwi na wasahihishaji mia. Cronbach na wenzake walijenga nadharia nzima, iliyochapishwa mwaka 1972, ya kupima vyanzo vingi vya kosa kwa pamoja. Kwa uzamili si lazima uende huko. Ongeza insha ya pili ya mada tofauti na utakuwa umepiga hatua kubwa.

Sasa ombi la mwalimu mkuu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hapa namba inaacha tasnifu inamfuata mtoto. Chukua 1 utoe uthabiti, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mkengeuko sanifu. Kwako ni kipeuo cha pili cha 0.23, karibu 0.48, mara 6: kama alama 3. Hilo ndilo kosa sanifu la upimaji. Katika maandishi yake ya mwisho, yaliyochapishwa 2004 baada ya kufariki, Cronbach mwenyewe aliipa namba hii uzito zaidi kuliko alfa aliyopata nayo jina. Maana yake kwako: mtoto mwenye 21, kwa takribani mara mbili kati ya tatu, alama yake ya kweli iko ndani ya 18 na 24. Mwenye 19 na mwenye 21 hatuna namna ya kuwatofautisha kwa mtihani huu. Kumwingiza mmoja na kumwacha mwingine ni kurusha shilingi.

Kwa kulinganisha wastani wa shule na shule katika utafiti, uthabiti kama wako unatosha, kwani mitikisiko ya watoto wengi hufutana. Kwa kumwamulia mtoto mmoja hautoshi. Ningemshauri mwalimu mkuu asikate kwa kisu pale 20. Walio chini ya 17 waingie moja kwa moja. Walio kati ya 17 na 23 waangaliwe mara ya pili: kila mmoja asome kwa sauti kifungu kipya mbele yako, na mwalimu wa darasa aulizwe anamfahamuje. Mkibaki na shaka, mwingizeni. Mtoto asiyehitaji msaada akipewa jioni chache za kusoma hapotezi kitu kikubwa. Aliyeuhitaji akakosa ataubeba upungufu huo mpaka Gredi ya 9 na kuendelea.

Wapo pia ambao mtihani wowote wa darasani hautawatosha: mtoto anayesoma chini kabisa ya wenzake ilhali kwa mazungumzo ni mwerevu, anayesogeza kitabu karibu sana na macho, anayeomba kurudiwa kila agizo. Hao wazungumzie na wazazi, wapimwe macho na masikio, kisha waelekezwe kituo cha EARC, yaani kituo cha tathmini ya mahitaji ya kielimu ya watoto, cha kaunti ndogo yenu wakakaguliwe ana kwa ana.

Nawe, ukishageuza zile kauli nne na kugawa mtihani kwa vifungu, tafuta mwalimu wa takwimu chuoni kwako mketi saa moja. Nenda na karatasi zenyewe 36 pamoja na data ghafi, safu kwa safu, swali kwa swali, wala usibebe muhtasari wa SPSS peke yake. Kauli ambayo haikugeuzwa haionekani kwenye muhtasari. Inaonekana pale mtoto mmoja alipoandika 5 kwenye "napenda kusoma" na 1 kwenye "kusoma kunanichosha", na hakukosea popote.